Kitufe Kilichojificha Chini ya Pua Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Asubuhi hii nimezindua Jukwaa la Uzi na Sindano, tovuti ya mafundi cherehani wote wa mji huu na miji ya jirani. Humo fundi atauliza, fundi mwenzake atajibu, na wote watanishukuru. Nimeijenga peke yangu, juu ya meza ya kupigia pasi, nyuma ya duka la mke wangu. Mke wangu ni fundi. Mimi ni mumewe, na kuanzia leo ni Mwanzilishi.

Tovuti nzuri ajabu. Juu kuna sindano inayocheza. Pembeni kuna picha yangu nikiwa nimevaa suti, ndogo, ya kiasi, kama stempu. Chini kuna mahali pa kuandika na kitufe cha Tuma. Nikakaa naitazama kama mtu anayetazama mtoto wake aliyelala. Chai ikapoa.

Kufikia mchana tulikuwa wanachama watatu: mimi, mke wangu, na Fundi Asiyejulikana, ambaye pia ni mimi. Fundi Asiyejulikana ameandika kwamba tangu azaliwe hajaona jukwaa lenye hadhi kama hili. Nikamjibu kwa unyenyekevu.

Mke wangu akaifungua kwenye simu yake. Akauliza kitufe kiko wapi. Nikamwambia kipo. Akasema anachokiona yeye ni uso wangu tu, umejaa kioo kizima, na sindano inanichoma jichoni. Nikamwambia simu yake inaumwa.

Alasiri akapiga Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi, mama anayeshona sare za shule na asiyetaka kupotezewa muda. Hospitali mpya inataka magauni ya wauguzi, mengi mno kwa fundi mmoja. Chama kikiweza kugawana kazi haraka, kazi ni yetu. Kikishindwa, inakwenda kiwandani na sisi tutabaki kupunguza suruali za watu. Jumamosi kuna mkutano mkuu. Wanachama wote watafungua jukwaa langu palepale ukumbini. Likifanya kazi, ndilo litakalotumika. Nikamwambia liko tayari kama bwana harusi. Akasema yeye keshalijaribu, na ameibonyeza pua yangu mpaka kidole kimechoka, akidhani ndiyo kitufe. Akaongeza kwamba nikishindwa nisione haya kusema, kwa kuwa Bwana Tai amejitolea kutengeneza jingine.

Bwana Tai! Anafundisha kompyuta chumba cha juu yetu. Wanamwita hivyo kwa ajili ya tai anayovaa shingoni. Mimi namwona zaidi yule wa makucha.

Jumanne, 4 Juni

Nimegundua kasoro. Si yangu.

Iko hivi. Kila simu na kila kompyuta ina kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti. Vivinjari viko vya aina nyingi, na kila kimoja kinasoma maagizo kwa namna yake, kama mafundi watatu waliopewa mchoro mmoja. Mimi nililijenga jukwaa kwa kivinjari changu. Kwenye changu linapendeza. Kwa hiyo wenye makosa ni watu wenye vivinjari vingine.

Mpango: sitabadilisha jukwaa. Nitabadilisha watu.

Nimepita duka kwa duka, nimechomekea shati, nikiwawekea mafundi kivinjari changu kwenye simu zao, bure. Mshona mapazia alikubali. Dada wa vitenge alikubali, ila alitaka kujua kama kitamnenepesha kwenye picha zake. Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikajiona tayari nimesimama ukumbini, nimeshika maua.

Kisha nikafika kwa Babu Suti. Ni mzee mnyoofu, fundi wa suti za kiume, heshima yake ni kubwa chamani kuliko ya Mwenyekiti mwenyewe. Simu yake ilikuwa imejaa, kivinjari kikakosa pa kukaa. Nikamwambia aniachie mimi. Nikafuta vitu visivyo na maana: picha za makaratasi, moja baada ya nyingine, makaratasi matupu yenye namba za chaki. Nafasi ikapatikana. Kivinjari kikaingia. Nikamrudishia simu kwa mikono miwili.

Zile namba zilikuwa vipimo. Vya familia nzima ya bwana harusi mmoja, baba mzazi, wajomba na wasimamizi. Harusi ni mwisho wa mwezi. Babu Suti hakupiga kelele. Alikaa tu kwenye kiti chake, akaanza kujipapasa mfukoni kama mtu aliyeangusha ufunguo. Ningependa angepiga kelele.

Nilikuwa nimeanza kumweleza kwamba wajomba wengi huwa na kiuno kinachofanana, mara akaingia Bwana Tai, kuja kuchukua koti lake. Akaichukua simu, akagusa hapa, akagusa pale, picha zote zikarudi. Kumbe simu ina pipa lake la taka, na vitu hukaa humo kwa muda kabla ya kutupwa kabisa. Babu Suti akamshika mkono kwa muda mrefu. Bwana Tai akaniambia kwa upole kwamba jambo hili linaweza kumpata yeyote.

Upole huo! Sikuupenda hata kidogo.

Jumatano, 5 Juni

Akili imefunguka. Kama kila kivinjari kina tabia yake, basi nakipa kila kimoja jukwaa lake! Nimetengeneza majukwaa matatu. Mtu akifika mlangoni, tovuti inakiuliza kivinjari chake jina na kumpeleka kwenye jukwaa linalomfaa. Wote wanaona kitufe. Wote wanaandika. Fundi Asiyejulikana amenipongeza mara tatu, mara moja katika kila jukwaa.

Wanachama wakaanza kuingia, wa kweli! Mwenyekiti akaandika "Naona sasa." Kwa Mwenyekiti hayo ni mashairi.

Kuna dosari ndogo. Aliye katika jukwaa la kwanza hamwoni aliye katika la pili, na wa pili hamjui wa tatu. Mshona mapazia aliuliza cherehani inayokwama aifanyeje. Babu Suti alimjibu kwa kirefu, ila jibu likaangukia jukwaa la kwake, kwenye ukuta mtupu, kama mtu anayeongea na kabati.

Ufumbuzi: mimi mwenyewe. Nakaa katikati na kunakili. Swali likiingia huku, nalibeba kule. Jibu likitoka kule, nalileta huku. Mke wangu akaniuliza hiyo ni tovuti au ni mimi ninayekimbia na bahasha. Nikamwambia ndiyo teknolojia yenyewe.

Hadi jioni macho yalikuwa yananiwasha. Lakini kazi ilikwenda. Nilikuwa mwangalifu sana, hata makosa ya sarufi niliyarekebisha nilipoyaona.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa.

Jana mke wangu naye alikuwa ameuliza swali jukwaani. Aliuliza hivi: mama yake ana bega moja lililoshuka, amkatie vipi blauzi ili ikae sawa? Swali zuri, la kitaalamu. Nami, katika kukimbia na bahasha zangu, nikalibandikia jibu la Babu Suti la cherehani iliyokwama. Mbaya zaidi, nilipolisoma niliona limeandikwa "itie", "ilaze", "igonge". Nikasema hapana, mama ni mtu, hawezi kuitwa kama chombo. Nikasahihisha. Kwa hiyo jukwaani, chini ya jina la Babu Suti, pamekuwa na maneno haya:

"Mtie mafuta ya mashine, mlaze chali, kisha mgonge kidogo kwa kitako cha bisibisi. Akiendelea kupiga kelele mfungue kichwa, umtoe uchafu wote wa ndani."

Mama mkwe ni mwanachama. Alijiunga jana saa ya chakula cha mchana.

Amepiga simu. Hakunisalimu. Aliomba apewe mwanawe. Walizungumza muda mrefu nje ya mlango, na mimi nilisikia tu mke wangu akirudia ndiyo mama, ndiyo mama, najua mama, ndiye niliyemchagua mwenyewe. Babu Suti naye amesikia, na amekwenda kuwauliza majirani kama uzee wake umefika mahali pa kuandika mambo asiyoyakumbuka. Hilo liliniuma. Nikamwendea nikamwambia kosa ni la mitambo.

Mchana nikabadilisha mbinu. Nikaamua kumpeleleza Bwana Tai. Nikavaa miwani ya jua na kofia ya mke wangu ya shambani, nikapanda juu na kujifanya mwanafunzi mpya. Akanikaribisha kwa jina. Akaniuliza nina shida gani na jukwaa. Kabla sijapata uongo wa kutosha, akaanza kunieleza, bila kufichaficha, kwamba tovuti hujengwa kwanza kwa vile ambavyo kila kivinjari kinavielewa: maneno, mahali pa kuandika, kitufe. Hayo yakisimama, ndipo unatia urembo, na kila urembo unaoutia unaujaribu kwenye simu za watu, si kwenye yako. Akaniandikia na maneno mawili matatu ya kutafuta. Akanipa chai.

Nikashuka ngazi nikicheka moyoni. Adui hatoi siri zake bure namna hiyo. Ni wazi ananipotosha. Kwa hiyo nikafanya kinyume chake: nikaongeza sindano ya pili.

Jukwaa la tatu, lile la kivinjari changu, likafa papo hapo: uso wangu ukatanda, kitufe kikatoweka.

Mke wangu alinikuta nimelaza kichwa juu ya meza ya pasi. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Akazitoa pini, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Nikajua yatanikuta. Lakini alivuta kiti akakaa karibu yangu.

"Mume wangu," akasema, "wewe umeshona gauni kwa mwili wako mmoja. Halafu unazunguka mjini kuwaambia wanawake wabadilishe miili. Walipokataa, ukashona magauni matatu, na bado hakuna linalofungika. Lifumue. Tukate upya."

Nikamwambia picha yangu lakini ina heshima yake. Akaniambia anayo nyumbani, nzima, inakula na kukoroma, inamtosha.

Sijui kwa nini nilikaribia kulia. Ni mafuta ya cherehani, nadhani. Yanapanda machoni.

Ijumaa, 7 Juni

Tumefumua. Sindano zote mbili, nje. Muziki wa kukaribisha, nje. Picha yangu, nje (nimeihifadhi). Majukwaa matatu yamekuwa moja. Yamebaki maneno meusi juu ya weupe, mahali pa kuandika na kitufe. Kwenye simu ya mke wangu linaonekana kama tangazo la msiba. Mke wangu anasema linaonekana kama karatasi ya kukatia nguo, na hiyo ni sifa.

Ikaja kazi ya kulijaribu kwenye simu za watu. Simu za watu zinatoka wapi? Mke wangu akaonyesha benchi. Ijumaa duka linajaa wateja wanaosubiri nguo zao, na kila mmoja ana simu mkononi, hana la kufanya. Akawaambia: atakayelifungua jukwaa na kutuambia kwa kweli anachokiona, nguo yake inapigwa pasi kwanza.

Sijawahi kuona wakaguzi wakali kama wale. Mwanadada mwenye suruali ya kupunguzwa akasema kitufe kipo ila kimepita ukingo wa kioo, anaona "Tu" na "ma" imezama. Nikarekebisha. Hapo hapo mzee mwenye shati la kola akasema kwake sasa kimepanda juu ya maandishi. Nikarekebisha. Mwanadada akasema kimezama tena. Mama mmoja mwenye kompyuta ya mapajani akasema kwake shwari, ila herufi ni ndogo kama chawa. Nikarekebisha. Wote watatu wakaguna kwa pamoja.

Nilitaka kususa. Nilikwishaandaa na maneno. Lakini mke wangu alikuwa ananiangalia kupitia tundu la sindano, akitunga uzi, na yeye akitunga uzi huwezi kumkatiza.

Tukaenda hivyohivyo, huku nikibana, kule nikilegeza. Kuelekea adhuhuri nikaona kitu. Kila nilipokilazimisha kitufe kukaa mahali fulani hasa, kililalamika kwenye simu moja. Nilipokiacha kikae chini ya maandishi kwa hiari yake, kikatulia kwenye zote. Nikauliza benchi zima. Benchi likasema kipo. Nikauliza tena. Kipo, kipo, kipo! Mzee wa shati akabonyeza, ujumbe wake ukatokea kwenye simu ya mwanadada, na mwanadada akaruka kama amechomwa. Ujumbe ulisema: "Habari ya hapo ulipo." Walikuwa wamekaa bega kwa bega. Watu wakapiga makofi. Mpita njia akaingia kuuliza kama kuna bahati nasibu.

Nguo zote zikapigwa pasi. Nilizipiga mimi. Niliunguza moja tu, na kwa ndani.

Sitakwenda kulala bila kuandika hili: nilikuwa na furaha kuliko Jumatatu, na hakuna mahali popote palipokuwa na jina langu.

(Nimeliongeza baadaye, chini kabisa. Herufi ndogo.)

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mafundi wa mjini, mafundi wa nje ya mji, wengine na futi zao shingoni kana kwamba wanakwenda kupima mkutano wenyewe. Mama mkwe kakaa safu ya mbele, bega moja juu, moja chini, macho yote mawili kwangu. Bwana Tai kakaa nyuma, tai nyekundu.

Nikaunganisha kompyuta yangu na ile mashine ya kutupa picha ukutani. Nikakohoa. Nikafungua jukwaa.

Ukutani zikatokea sindano mbili na uso wangu. Ukubwa wa nyumba. Kitufe hakuna.

Nikaitazama kompyuta, nikautazama ukuta. Na mara nikaelewa kila kitu: hujuma! Nikapanda jukwaani, jukwaa la mbao, nikaanza kusema. Nikasema kuna watu wasiopenda maendeleo. Nikasema kuna watu wanaotoa chai kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Nikasema sitaki kumtaja mtu, ila shingo yake ni nyekundu. Nilisema vizuri sana. Nilikuwa nimefika mahali pa kuomba muda zaidi, wiki moja tu, ndipo nikaona kwamba hakuna anayenitazama. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama. Nikadhani wanaona aibu kwa ajili yangu. Nikanyamaza.

Kimya hicho kilikuwa cha vidole.

Babu Suti akainua kichwa. "Kijana," akasema, "hebu kaa. Unatupigia kelele na sisi tunaandikiana."

Jukwaa lilikuwa linafanya kazi! Kwenye simu zote! Dada wa vitenge ameandika anaweza kukata mia lakini si kushona. Mshona mapazia akajibu kwamba yeye ndiye wa kushona. Mwenye mashine ya matundu ya vifungo, mmoja tu katika chama kizima, amekwishazingirwa. Kuna fundi mmoja wa mbali, mwenye mtoto mchanga, hakuweza kusafiri. Ameandika kutoka kitandani kwake kwamba amekuwa akifanya kazi peke yake chumbani kwa miaka, na leo ndiyo mara ya kwanza amesikia kazi inatajwa na yeye yumo. Mwenyekiti alisoma hayo kwa sauti, kisha akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha sampuli.

Halafu ukatokea ujumbe huu: "Mimi ndiye mama mwenye bega. Kichwa hakijafunguliwa. Nitashona kola." Ukumbi mzima ulicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Mama mkwe hakucheka. Lakini alinisogezea begi lake nikalibebe, na hilo kwa mama mkwe ni msamaha wenye muhuri.

Kufikia saa ya chakula kazi ya hospitali ilikuwa imegawanywa yote, kola, mikono, mifuko na pindo. Mwenyekiti akampigia mtu wa hospitali simu mbele yetu, akasema mara tatu tu: tunaweza.

Bwana Tai alikuja kuangalia kompyuta yangu. Akasema haina ugonjwa. Kivinjari changu kilikuwa kimejiwekea ukurasa wa Alhamisi na kinaendelea kuuvaa, kama mtu anayevaa shati la jana. Akabonyeza mahali. Jukwaa jipya likatokea. Nikamwambia hilo nalijua. Sikulijua. Nikamwomba radhi kuhusu shingo. Akasema ni tai ya zawadi, hata yeye haipendi.

Mke wangu amechaguliwa Msimamizi wa Jukwaa. Bwana Tai, msaidizi wake. Mimi nimechaguliwa Mlezi. Nimeuliza Mlezi anafanya nini. Mwenyekiti amesema analea, asiguse.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi tulivu. Mke wangu anakata magauni ya wauguzi na kuimba. Jukwaani wanachama wanazidi kumiminika, wengine kutoka miji ambayo sijawahi kufika. Nimekaa na kahawa, nimetafakari wiki yote kwa kina, bila kujipendelea. Na somo nimelipata.

Shida haikuwa jukwaa kamwe. Shida ni kwamba vivinjari ni vingi mno, na vimetengenezwa na watu wasiotujua. Tumehangaika wiki nzima kuvipendeza vya watu wengine! Kumbe dawa ni nyepesi, sijui kwa nini hakuna aliyeifikiria kabla yangu: nitatengeneza kivinjari changu mwenyewe. Cha mafundi. Kila mtu atafuta alicho nacho na kuweka hiki, na matatizo yataisha duniani.

Mke wangu bado hajui. Nimeanza mara baada ya kifungua kinywa, na niseme ukweli, kinakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kimefunguka mara ya kwanza tu nilipokibonyeza! Kina rangi nzuri. Hakijakwama hata mara moja.

Kwenye kompyuta yangu.